Kodi ya Chumba na Amri ya Tisa

Kila mwaka, kabla ya ibada ya Kipaimara, huwa nawapeleka wanafunzi wangu Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, kuliona tembe alilokaa David Livingstone. Huwaeleza kwamba Henry Morton Stanley alifika hapo mwaka 1871 akiwa safarini kumtafuta, kwamba wawili hao walirudi pamoja kutoka Ujiji mwanzoni mwa 1872, na kwamba Stanley alipoondoka mwezi Machi, Livingstone alibaki hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Katika ziara mojawapo binti mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Baba Mchungaji, alikuwa analipa kodi shilingi ngapi?"

Wenzake walicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu wiki ile ile nilikuwa nimempandishia kodi mpangaji wangu.

Nilimjibu kwamba hakulipa kodi. Nyumba ile ilikuwa ya wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, nao walimpa Stanley akae kama mgeni wao. Hata kabla yake, mwaka 1857, Richard Burton na John Speke walipofika hapa wakiwa wamechoka kwa safari ya kutoka pwani, walipokelewa na Snay bin Amir. Katika vijiji vya Wanyamwezi nako kulikuwa na iwanza, nyumba ya pamoja ya wanaume, ambako mpita njia alipata mahali pa kuweka mzigo wake na kulala. Watoto walifurahi kusikia hayo. Lakini ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo. Njia ile ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha watu. Waliokuwa wamefungwa walilala pia katika vituo vya njia hiyo, wala hakuna aliyewaita wageni. Mji mmoja uliweza kumkaribisha huyu kwa heshima na kumfungia yule mlango kwa nje.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo nadhani wengi wetu tunalikwepa: Je, Mkristo anaweza kununua nyumba, akapangisha vyumba vyake, akaishi kwa kodi ya watu wengine, na moyo wake ukawa safi mbele za Mungu? Naandika kama mtu ambaye jibu la swali hili linamgusa mfukoni.

Mwaka 2019 mimi na mke wangu tulinunua nyumba ya vyumba sita katika mtaa wa watu wa kipato cha chini hapa Tabora. Ni nyumba ya kawaida, ya namna tunayoijua wote: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani choo na bafu, na mita moja ya LUKU. Fedha zilitokana na mkopo wa SACCOS na akiba ya mke wangu. Sababu yetu ilikuwa moja. Mchungaji hukaa katika nyumba ya usharika. Akihamishwa, anahama, akistaafu, anatoka, akifa, mjane wake hupewa muda kisha naye anatoka. Nimezika wachungaji wenzangu, na nimeona wake zao wakihesabu siku. Mke wangu hakuwa mroho aliposema, "Baba, tutafute mahali." Alikuwa anaona mbele.

Tulianza vizuri. Chumba kilikuwa shilingi 30,000 kwa mwezi, na tulipokea mwezi kwa mwezi. Miongoni mwa wapangaji wetu alikuwapo mama mmoja mjane, Mwislamu, fundi cherehani, mwenye watoto watatu. Katika miaka yake mitatu hakuwahi kuchelewesha kodi zaidi ya siku chache, na alikuja mwenyewe kueleza kabla hatujauliza.

Kisha ukaanza ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, na kutoka Tabora kwenda Isaka. Reli ya kwanza ilipofika Tabora mwaka 1912 iliubadilisha mji, na hii nayo imeanza kuubadilisha. Wakaja mafundi, madereva, wapishi, wafanyabiashara. Na wanafunzi wa vyuo vyetu nao wanatafuta vyumba kila mwaka. Dalali mmoja akanifuata baada ya ibada akaniambia, "Baba Mchungaji, vyumba kama vyako watu wanachukua kwa 45,000, na wanatanguliza miezi sita. Wewe unajipunja." Nilizungumza na mke wangu, tukakubaliana. Nikawaambia wapangaji wote kwamba kuanzia mwezi ujao kodi ni 45,000, miezi sita mbele. Maana yake kila mmoja alete shilingi 270,000 kwa mkupuo.

Yule mama alikuja na kanga yake kichwani, akasimama mlangoni. Aliomba apewe miezi miwili ajipange. Nilimjibu kwa upole, na upole huo ndio unaonisumbua hadi leo: "Mama, si mimi. Hiyo ndiyo bei ya soko."

Mwisho wa mwezi alihama. Alifagia chumba, akafuta madirisha, akanirudishia ufunguo mkononi. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, kwenye LUKU nimeacha uniti tisa. Watumie wenzangu." Ndipo nikakumbuka jambo ambalo sikuwahi kulifikiri. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa tunaponunua umeme wa LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Katika nyumba yangu walikuwa wakiilipa wapangaji kwa zamu, na yule mama alikuwa ameilipa zaidi ya mara moja bila mimi kumrudishia hata senti. Niliyejiona mwema kwa kumhifadhi nilikuwa na deni kwake.

Wapo watakaosema kosa ni kupangisha kwenyewe. Sauti hiyo si ngeni katika nchi yetu. Julius Nyerere, ambaye alisoma hapa Tabora na baadaye akafundisha hapa, aliliongoza taifa katika Azimio la Arusha la 1967, na miiko ya uongozi iliyotokana nalo ilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Kodi ya nyumba ilihesabiwa kuwa njia ya kuishi kwa jasho la mwingine. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama kililegeza miiko ile. Sina nia ya kuhukumu siasa za miaka hiyo, na najua wapo waliopoteza nyumba walizojenga kwa kazi halali. Ila jambo moja linanisuta. Chama cha siasa kiliwauliza viongozi wake: unapata wapi kipato chako, na nani anakilipa? Sisi watumishi wa kanisa hatujaulizana swali hilo, ingawa wengi wetu tuna vyumba mjini.

Hata hivyo siamini kwamba kupangisha ni dhambi. Mtume Paulo, tukisoma mwisho wa kitabu cha Matendo ya Mitume, alikaa Rumi miaka miwili katika nyumba ya kupanga, akawapokea wote waliomwendea. Injili ilihubiriwa katika chumba cha kulipia kodi, na kwa hiyo alikuwapo mwenye nyumba aliyeipokea kodi hiyo. Tukija kwa baba zetu wa Matengenezo, Martin Luther na mke wake Katharina von Bora waliishi katika iliyokuwa nyumba ya watawa kule Wittenberg, na Katharina aliweka humo wanafunzi waliolipia malazi na chakula. Luther alipofariki mwaka 1546, mjane huyo alipata shida kubwa, akaendelea kupokea wapangaji ili aishi. Ninapomfikiria Katharina namwona mke wangu. Asiyewahi kuwaza usiku kwamba mke wake atalala wapi baada ya mazishi asiwe mwepesi kumhukumu mjane mwenye vyumba viwili vya kupangisha.

Basi kama kupangisha si dhambi, kosa langu lilikuwa wapi? Nimelitafuta muda mrefu, na nimelipata mahali ambapo huwa nafundisha watoto kila Jumamosi: katika amri ya tisa. Kwa hesabu yetu Walutheri, amri hiyo inakataza kuitamani nyumba ya jirani. Nilikuwa nikiifundisha kana kwamba inawahusu wasio na nyumba, ili wasiwaonee wivu walio nazo. Lakini Luther, anapoieleza katika Katekisimo Ndogo, haonyi maskini mwenye wivu. Anamwonya mtu mwerevu anayejipatia urithi au nyumba ya jirani kwa hila, au kwa kisingizio cha haki. Kisingizio cha haki! Yaani mtu anaweza kuwa na karatasi zote, sheria yote ikawa upande wake, na bado akawa anaivunja amri.

Chumba kile kilikuwa changu kwa hati. Kwa mama yule kilikuwa nyumbani. Hapo ndipo cherehani yake ilipokaa, hapo ndipo wateja walipomjua, kutoka hapo watoto walikwenda shule kwa miguu. Mtu akipanga chumba miaka mitatu, anajenga ndani yake kitu ambacho mwenye nyumba hakukijenga wala hakukinunua. Mimi nilipotamka bei mpya, sikuuza nafasi tupu ya futi kumi kwa kumi. Niliyabomoa maisha yaliyokuwa yamepangwa humo, nikasema ni soko.

Neno hilo "soko" lastahili kupimwa. Ninapokwenda sokoni kununua mchele na bei imepanda, nitanunua unga. Muuzaji ananihitaji nami namhitaji, na kila mmoja wetu anaweza kuondoka. Lakini mama mwenye watoto watatu shuleni, muhula ukiwa katikati, hawezi kulala nje wiki mbili akingoja bei ishuke. Yeye hawezi kusema hapana; mimi naweza. Pale ambapo mmoja tu ndiye anayeweza kukataa, bei haipimi thamani ya chumba. Inapima dhiki ya mpangaji. Mwaka 1524 Luther aliandika juu ya biashara, akaikemea kanuni ya wafanyabiashara ya kuuza ghali kadiri wawezavyo. Alitaka muuzaji ahesabu gharama zake, kazi yake na hatari anayobeba, apate riziki ya haki, wala asifanye uhitaji wa jirani kuwa mizani ya bei. Nilisoma hayo chuo cha theolojia na nikayajibia mtihani. Sikuyakumbuka dalali aliponifuata.

Torati nayo ina mambo madogo madogo kuhusu nyumba ambayo mhubiri huyaruka kwa sababu hayana ngurumo. Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inamwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka akafa. Kwa sisi, ukingo huo ni nyaya za umeme zisizo wazi, choo kisichotitia, ukuta usiongojea mvua za masika uanguke. Sura ya 24 inamwagiza mwenye kudai asiingie katika nyumba ya mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, mdaiwa amletee. Tena inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni kuchukua uhai wa mtu. Fikiri juu ya wenye nyumba wanaoingia chumbani mwa mpangaji wakati hayupo, wanaopiga kufuli la pili, wanaong'oa mlango, wanaozuia cherehani au jiko kwa ajili ya kodi ya mwezi mmoja. Mungu alimwambia mwenye kudai asimame nje. Mpangaji ana kizingiti, na kizingiti hicho kinalindwa na Bwana.

Na chini ya yote kuna neno la Mambo ya Walawi sura ya 25: nchi ni mali ya Mungu, na sisi sote tunakaa kwake kama wageni na wapitaji. Anayekaa nyumba ya usharika anapaswa kulielewa neno hili kuliko wengine. Mimi ni mpangaji wa Mungu, na kodi yangu sijawahi kuilipa kwa wakati.

Baada ya miezi miwili nilimtafuta yule mama. Nilimkuta pembeni ya mji, mbali na soko, mbali na wateja wake. Alinikaribisha kigoda, akanipa maji. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi, na kwamba akipenda chumba kipo kwa kodi ya zamani. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaeleza taratibu kwamba huko nako alidaiwa miezi sita mbele, na dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja juu yake. Fedha hizo alikopa kwenye mikopo ile tunayoiita kausha damu. "Nikirudi kwako, Baba, kodi yangu inabaki huku na deni linanifuata," alisema. "Mungu akubariki, lakini nitakaa."

Nilikuwa nimedhani toba ni kurudisha ufunguo. Niligundua kwamba madhara yakishatoka mlangoni yanakwenda yenyewe, hayaitikii tena ukiyaita. Zakayo alijua hivyo. Ndiyo maana hakuishia kusema amesikitika, alitaja hesabu. Mimi na mke wangu tulikaa usiku ule tukapiga hesabu zetu. Haikuwa rahisi. Aliniuliza, "Na mimi nikibaki peke yangu, nani atanipigia hesabu?" Sikuwa na jibu la kumtosha, wala sijifanyi kwamba ninalo sasa. Tulichokubaliana ni hiki. Tulimrudishia yule mama kodi ya jengo aliyotulipia, na tukalipa sehemu ya deni lililobaki. Aliipokea baada ya kuombwa mara mbili. Tukahesabu mkopo wetu, matengenezo, kodi za serikali na riziki ya haki, tukafika 35,000. Kodi tunapokea mwezi kwa mwezi. Kodi ya jengo tunaipunguza katika kodi ya chumba. Bei ikibidi kubadilika, tunatoa taarifa ya miezi mitatu, na tunazungumza na wapangaji wote ukumbini kabla ya kuandika. Kila mmoja ana mkataba, na hatuingii chumbani mwa mtu bila kubisha hodi.

Kwa vyumba sita, tofauti na bei ya soko ni shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka. Naitaja hesabu hiyo ili msomaji asidhani haki haina gharama. Lakini nisieleweke vibaya. Sinunui msamaha kwa laki saba. Kanisa letu lilizaliwa mwaka 1517 katika kulipinga wazo hilo. Nimesamehewa bure, na kwa kuwa nimesamehewa bure naweza kuzitazama hesabu zangu bila kuzificha.

Mwenzangu mmoja katika utumishi aliniambia kwamba nimefanya jambo la kihisia: mji utabaki vile vile, dalali atapeleka watu kwingine, na mpangaji mwenye uwezo ndiye atakayefaidi kodi yangu nafuu. Kuna ukweli katika maneno yake. Nyumba moja haiwezi kubadilisha mji, na serikali ina wajibu wake wa kulinda wapangaji na kujenga nyumba za watu wa kawaida. Najua pia uchungu wa mwenye nyumba ambaye mpangaji wake amehama usiku na deni la miezi mitano; wajibu una pande mbili, na mpangaji mdanganyifu naye anaivunja amri. Ila sikuulizwa juu ya mji mzima. Niliulizwa juu ya mlango mmoja ambao ufunguo wake ulikuwa mkononi mwangu.

Ndugu zangu watumishi, na ninyi wazee wa kanisa wenye vyumba Ng'ambo, Isevya, Kanyenye na kokote mjini, siwaombi muuze nyumba zenu. Naomba kila mmoja atafute daftari lake la kodi, alisome kama anavyosoma maandalizi ya mahubiri, na ajiulize kwa kila jina lililoandikwa humo: huyu amekubali bei hii, au ameshindwa kuikataa?

Mwaka huu nitakwenda tena Kwihara na wanafunzi wangu. Nimewaza nitasema nini nikiulizwa tena kodi ilikuwa shilingi ngapi. Nadhani nitawaambia habari za mgeni aliyepewa nyumba na za mfungwa aliyefungiwa ndani, kama kawaida. Kisha nitawaambia habari za mama mmoja wa mji wetu aliyehama kwa sababu ya mchungaji wake wa Kipaimara, akaacha uniti tisa kwa ajili ya wenzake.